Ukiandikia kikundi, andika mtu asihitaji kukuuliza tena

"Jamani mwani unakufa, tufanyeje?"

Ujumbe kama huu huingia kwenye simu za wakulima wa mwani kila kaskazi inaposhika, Disemba mpaka Machi, maji ya pwani yanapopata joto. Wa kwanza kuusoma anajibu, "Pole dada." Wa pili anauliza aina ya mwani, "Spinosum au cottonii?" Wa tatu, "Kwani uko wapi wewe?" Wa nne anaeleza kuwa hata wake uliharibika mwaka jana. Wa tano anaweka dua. Inafika Magharibi, majibu yamejaa, na hakuna hata moja linalomwambia mwenye shamba afanye nini kesho, kwa sababu hakuna aliyefahamu shambani mwake kuna nini. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, linapita. Mpaka lije jingine ni wiki mbili, na kamba ya mwani iliyokwisha kuharibika haingoji wiki mbili.

Aliyeandika huumia. Anaona amedharauliwa, na wapo ambao baada ya hapo hawaulizi tena. Mara nyingi hakudharauliwa na mtu. Wenye ujuzi walikuwepo, waliusoma, wakakosa pa kuanzia. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika na kusoma jumbe za vikundi, vya mwani pwani ya mashariki ya Unguja na vya karafuu Pemba, tumefika mahali tunapima ujumbe kwa kitu kimoja tu: aliyeusoma anaweza kufanya kazi bila ya kumrudia mwandishi kwa suala? Akirudi kuuliza "lini?", lini haikuandikwa. Akirudi kuuliza "nani?", nani hakutajwa.

Kabla ya kugusa simu, amua unataka nini kwa watu. Unauliza? Unatoa taarifa? Unalalamika? Unataka kikundi kiamue jambo? Ujumbe unaoanza na kikao cha Jumamosi, ukapita kwenye michango iliyochelewa, ukamalizia na suala la kamba zinazooza, utajibiwa kipande kimoja tu, tena kile chepesi. Gawa. Jambo moja, ujumbe mmoja, hata kama yote matatu unayatuma ndani ya dakika kumi.

Swali linalojibika

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Mtu anayeujua mwani atataka kwanza kusikia aina. Cottonii ina bei nzuri zaidi lakini joto huishinda upesi. Spinosum ni ngumu zaidi, na ndiyo sababu wengi wamebaki nayo. Kisha atataka mahali, na jina la kijiji halitoshi. Zipo sehemu ambazo maji ya bamvua yakitoka kamba hulala juani juu ya mchanga, na zipo sehemu zinazobaki na maji ya magoti hata yakitoka vipi. Shamba lako liko kwenye ipi kati ya hizo ndilo jambo linalobadilisha ushauri. Tena ukitaja mahali baharini, kumbuka majina ya mikondo na mafungu yanajulikana na watu wa kijiji chako tu. Mtu wa Chwaka hajui fungu la watu wa Jambiani linaitwaje. Ongeza maneno matatu: ndani ya mwamba, karibu na mkondo, mbele ya skuli.

Tarehe ya kupanda nayo ina kazi. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Aliyepanda wiki tano zilizopita ataambiwa avune kilicho kizima na kukianika. Aliyepanda wiki mbili zilizopita hana cha kuvuna, yeye atahitaji kuhamisha kamba au kutafuta mbegu nyingine. Ujumbe wenye dalili zile zile, majibu mawili mbalimbali, na kinachoyatenga ni tarehe ambayo watu wengi hawaiandiki.

Halafu dalili zenyewe. "Umekufa" haisemi kitu. Matawi yamegeuka meupe, laini, yanakatika ukiyashika? Hilo ni jambo moja, na hutokea mwani ukichoshwa na joto au na maji ya mvua nyingi. Umeota nywele au uchafu juu ya matawi? Hilo ni la pili. Ncha zimekatwa, matawi mafupi lakini rangi ni nzuri? Hapo mtu atakuuliza kuhusu samaki, chafi khasa. Mambo matatu haya yana dawa tatu tofauti. Aliyeandika "umekufa" amewaacha wasomaji wachague moja kwa kubahatisha, na kila mmoja atachagua ile iliyomkuta yeye.

Andika ulichokiona kabla ya unachokidhani, na vitu viwili hivi visichanganyike katika sentensi moja. Ukianza na "hoteli imemwaga maji machafu", mjadala wote unahamia hotelini, watu wanapandisha sauti, na mwani wako unasahauliwa. Huenda dhana yako ni kweli. Iweke chini, mwisho, ukisema wazi kuwa ni dhana na kwa nini umeifikiria.

Kilichobaki ni idadi, yaani kamba ngapi zimeathirika kati ya ngapi. Ulichokwisha kukifanya, ili usiambiwe ukifanye tena. Na unataka kujua nini, mpaka lini. Ukiviweka pamoja hupata kitu kama hiki:

"Assalaam alaykum. SWALI: cottonii yangu inageuka nyeupe, niivune sasa au niihamishe?

Shamba liko Jambiani, ndani ya mwamba. Maji ya bamvua yakitoka, kamba hulala juu ya mchanga.

Nilipanda Jumamosi, tarehe 20 Disemba. Nina kamba 40. Jana Ijumaa, tarehe 16 Januari, nimekuta kamba 12 zina matawi meupe na laini, yanakatika nikiyashika. Kamba 28 bado zina rangi yake. Sikuona nywele wala uchafu, na ncha hazijaliwa.

Nimeondoa matawi meupe kwenye kamba 3. Nyengine sijazigusa.

Nitashuka tena kesho Jumapili, tarehe 18, maji yakitoka. Naomba jibu leo Jumamosi, kabla ya Magharibi."

Ujumbe huu unasomwa kwa muda wa kusubiri daladala ijae. Mwenye ujuzi akiufungua anaona mwani una wiki nne, unaanikwa na jua kila bamvua, robo na ushee umeathirika, na tatizo si samaki. Anaweza kujibu papo hapo: vuna kamba zilizoharibika, kilicho kizima kianike, na zile 28 zihamishie mahali panapobaki na maji. Hakuna aliyelazimika kuuliza "uko wapi".

Tazama pia mstari wa kwanza. Ujumbe unapoingia, simu nyingi huonesha mstari mmoja au miwili tu juu ya kioo, na mtu huamua hapo hapo kama ataufungua sasa au usiku. Salamu kwetu haiachwi, na asiachiwe mtu akawaandikia wazee bila ya salamu kwa kisingizio cha kufupisha. Lakini salamu iliyojaa mpaka "wa rahmatullahi wa barakatuh", ikafuatwa na "natumai hamjambo nyote na familia zenu", inakula nafasi yote inayoonekana, na jambo lenyewe linabaki limefichwa. Salamu fupi, na papo hapo, mstari ule ule, kichwa cha habari. Neno la kwanza liwe aina ya ujumbe: SWALI, TAARIFA, KIKAO, MAREKEBISHO. Herufi kubwa ziishie hapo.

Picha husaidia sana, zikiwa mbili. Moja ya karibu, tawi likiwa juu ya sahani nyeupe au kiganja, kivulini, maana jua la pwani hufanya kila kitu kionekane cheupe na hapo hapo ndipo tunapobishana. Ya pili ya mbali, ioneshe kamba nzima na maji yalipofika. Weka kitu cha kupimia ukubwa, sarafu au rula ya mtoto. Picha kumi na nne za kamba zile zile humaliza bando la watu na hakuna anayefika ya mwisho. Maandishi yatangulie, picha zifuate. Picha isiyo na maneno huleta lile lile la "pole dada".

Siku, saa na mahali

Hasara nyingi za vikundi, nauli iliyopotea, boti iliyokosekana, mtu aliyekaa barazani peke yake akisubiri kikao, hutokana na mambo haya matatu, na kwetu Zanzibar kila moja lina mtego wake.

"Kesho" inahama. Umeiandika Alkhamisi usiku, mwenzako ameisoma Ijumaa asubuhi alipopata chaji, kwake kesho ni Jumamosi. "Keshokutwa" na "mtondo" ni mbaya zaidi. Andika siku na tarehe pamoja, daima vyote viwili: "Jumamosi, tarehe 24 Januari". Ukikosea kimoja, kingine kitakufichua, na mtu atakuuliza kabla hajapanda gari badala ya baada.

"Usiku wa Ijumaa" ni mtego wa peke yake. Kwa wazee na kwa wengi wetu, siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alkhamisi. Kwa kijana anayetazama kalenda ya simu ni usiku baada ya sala ya Ijumaa. Wote wawili wako sawa na wote wawili hawatakutana. Andika "Alkhamisi tarehe 22, baada ya Isha", basi.

Saa nayo. Tunahesabu kutoka alfajiri, simu inahesabu kutoka usiku wa manane. Ukiandika "saa 10" pekee, mmoja anasoma alasiri na mwengine anasoma saa nne asubuhi kwa sababu simu yake ndivyo inavyosema. Andika "saa 4:00 asubuhi" au "saa 10:00 alasiri", neno la wakati lisiachwe hata mara moja. Na unaponakili saa kutoka kwenye tiketi ya boti au barua ya ofisi, ibadilishe kwanza: 07:00 ya kwenye tiketi ni saa 1:00 asubuhi. Kuinakili kama ilivyo na kuongeza "saa" mbele yake ndiko kunakomfikisha mtu bandarini Malindi, Unguja mjini, saa saba mchana akakuta boti imeshafika Pemba. Kwa kazi za pwani, saa peke yake haitoshi hata ikiwa sahihi. Maji ya bamvua hutoka asubuhi, kwenye saa nne hivi, lakini kila siku yanasogea mbele. Andika saa na uandike "maji yakianza kutoka". Mkulima atafuata maji, na mgeni kutoka mjini atafuata saa.

Mahali: "Kikao kiko mkoani" na "Kikao kiko Mkoani" ni safari mbili. La kwanza ni ofisi ya mkoa, la pili ni mji wa bandari kusini mwa Pemba. Ukiandika ujumbe mzima kwa herufi kubwa, KIKAO KIKO MKOANI, umefuta alama pekee iliyokuwa ikitenganisha. Vile vile "Kaskazini": mkoa wa Kaskazini Unguja au wa Kaskazini Pemba? Wilaya ya Kaskazini A au B? Neno moja la ziada linaokoa nauli ya watu.

Vipimo vinahitaji uangalifu ule ule. Mwenye mikarafuu anayetafuta wachumaji akaandika "nalipa vizuri kwa pishi" atapigiwa simu na kila aliyesoma. Pishi ya karafuu iliyochambuliwa au ikiwa na makonyo, yaani vijiti vyake? Malipo siku ile ile au mwisho wa wiki? Chakula kipo? Kilo za karafuu mbichi na kilo za karafuu kavu hazilingani hata kidogo, maana kiasi cha kilo tatu mbichi ndizo hutoa moja kavu, na mwani ni zaidi ya hapo. Kila palipo na uzito katika ujumbe, pawe na "mbichi" au "kavu" ubavuni.

Kuna jambo jengine ambalo Kiswahili chenyewe kinatutegea. Kitenzi chetu kinabeba mtu ndani yake, na tukizungumza uso kwa uso kila mmoja anajua ni nani. Kwenye maandishi, "Amesema atampa akija" inaweza kuwa na watu watatu ndani na hakuna hata mmoja anayeonekana. Rudisha majina au vyeo: "Katibu amesema mshika fedha atampa mnunuzi risiti, mnunuzi atakapokuja Jumanne." Sentensi imekuwa ndefu, na imekuwa wazi. Na "imeamuliwa michango iongezwe" huzua manung'uniko kila inapoandikwa, kwa sababu inaficha mwenye uamuzi. Kikao cha tarehe ngapi kiliamua, kutoka kiasi gani kwenda kiasi gani, kuanzia lini. Ukiyaandika hayo, watu wanaweza kupinga kwa adabu. Ukiyaficha, watapinga kwa hasira.

Sura ya maandishi ni fupi kueleza. Aya za sentensi tatu au nne, na mstari mtupu kati ya aya na aya, kwa sababu ukurasa mzima ulioshikana kwenye kioo kidogo, tena juani, hausomeki. Nukta iwepo mwisho wa kila sentensi. Tarakimu kwa hesabu zote. Vifupisho vya vijana, "xaxa", "cjui", "2tafika", viachwe kwa marafiki.

Sababu ya hilo la mwisho si ukali wa lugha. Wapo wanawake waliolima mwani tangu kilimo hiki kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na ujuzi wanaoubeba hakuna kijana aliyenao. Wengi wao husomewa simu na mjukuu. Mtoto wa darasa la nne akikutana na "2tafika" anasoma "mbili tafika", bibi anauliza wawili gani, na ujumbe umekufa hapo. Kwa hivyo kabla ya kutuma jambo muhimu, mpe mtoto wa skuli alisome kwa sauti huku wewe ukisikiliza bila ya kutazama simu. Anapokwama, pana kosa, na ni la mwandishi. Anapopumua katikati ya sentensi, ikate hapo.

Sauti zilizorekodiwa zina faida kwa asiyesoma, na kikundi chenye watu kama hao kisizikatae. Ila sauti haisikilizwi ndani ya daladala, hairudiwi kwa haraka kutafuta tarehe, na ya dakika sita hakuna anayeimaliza. Rekodi kwa kusoma ujumbe ulioandikwa, maneno yale yale, na utume vyote viwili.

Ukiwa na hasira

Siku ya kuuza ndiyo siku ya jumbe mbaya. Mtu amekata kamba maji yakiwa kifuani, ameanika, amekesha akifunika mvua isipige, kisha mizani inasema kilo pungufu ya alizozijua. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini "Wezi hawa wametuibia tena, asiwauzie mtu!!!" haimrudishii hata kilo moja. Mnunuzi anasema ametukanwa, kikundi kinagawanyika kati ya wanaomuogopa na wanaomchukia, na kwenye kelele hiyo hakuna anayekumbuka kilo zilikuwa ngapi.

Iandike hasira, usiitume. Iache kwenye daftari mpaka baada ya Alfajiri. Asubuhi chukua kilichomo ndani yake ambacho mtu mwengine anaweza kukihakikisha:

"MALALAMIKO ya uzito, Jumanne tarehe 20 Januari. Kabla mnunuzi hajafika tulipima mwani mkavu wa wakulima 5 kwa mizani yetu: kilo 212. Mizani ya mnunuzi ilionesha kilo 196. Tofauti ni kilo 16. Mapolo yalikuwa yale yale, na mshika fedha alikuwepo mara zote mbili. Mizani yetu haijakaguliwa tangu tuinunue. Tunaomba mizani zote mbili zipimwe kwa jiwe moja siku ya mauzo yajayo, mbele ya sheha."

Sentensi ile ya mizani yetu kutokukaguliwa wengi wanataka kuifuta. Iacheni. Ndiyo inayomfanya asiyekuwa na upande aamini zile nyengine, na usipoisema wewe ataisema mnunuzi. Hakuna neno "mwizi" hapa, hakuna jina la mtu, hakuna picha ya mtu wala nambari yake ya simu. Kuna ombi moja linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana. Na ujumbe huu humfikia anayelalamikiwa kwanza, ndipo kikundi. Mtu aliyeisoma lawama yake kupitia kwa jirani hatajibu lawama, atajibu fedheha.

Mkitaka kuamua jambo kwa maandishi, toeni njia mbili au tatu zenye herufi, A, B, C, semeni mwisho wa kujibu ni lini, na semeni mapema kama aliyekaa kimya anahesabiwa amekubali au hahesabiwi. Hilo la kimya likiachwa bila ya kusemwa, uamuzi wote utapingwa baadaye.

Baada ya kutuma

Anayejibu naye ana wajibu. Aanze na jibu, sababu ifuate: "Vuna zile 12 kesho", kisha kwa nini. Aseme kama amelijaribu mwenyewe au amelisikia. Asiye na jibu hahitaji kuandika kitu. Pole ishirini husukuma jibu moja la maana juu mpaka lisionekane. Aliye na pole ampigie simu.

Na aliyeuliza arudi. Hili ndilo linaloachwa zaidi. Akishavuna, baada ya wiki moja au mbili, aandike mistari mitatu: nilifanya hivi, kamba kadhaa zimepona, kadhaa hazikupona. Bila ya mistari hiyo kikundi kina ushauri tu na hakina ushahidi, na kaskazi ijayo watu wanaanza kubishana upya.

Taarifa ikikosewa, usiifute kimya kimya, kwani waliokwisha kuisoma hawatajua. Tuma mpya, ianze na MAREKEBISHO, itaje lililobadilika peke yake: "MAREKEBISHO: Kikao cha Jumamosi tarehe 24 kimehamishwa kutoka saa 4:00 asubuhi kwenda saa 10:00 alasiri. Mahali ni pale pale." Kuandika taarifa yote upya kwa mabadiliko ya neno moja huwafanya watu waisome kama ile ya zamani na kulipita neno lenyewe.

Kila taarifa imalizike na jina au cheo cha aliyeitoa, na tarehe yenye mwaka. Jumbe husambazwa, hutoka kikundi hiki zikaingia kile, na tangazo lisilo na mwaka huzuka tena miezi kumi baadaye kana kwamba limeandikwa jana. Ukisambaza la mwengine, andika juu yake limetoka kwa nani na umelipata lini. Kama hujui, usilisambaze.

Simu hupotea, huingia maji ya bahari, na jumbe za zamani huondoka nayo. Katibu awe na daftari la kurasa ngumu, upande wa kushoto swali lililoandikwa vizuri pamoja na tarehe, upande wa kulia jibu lililofanya kazi na matokeo yake. Mvua za masika zikianza mashamba hupata matatizo yake mengine, yanayotokana na maji ya mvua yasiyo na chumvi, kwa hivyo kurasa za kaskazi na za masika zitenganishwe. Daftari likae nyumbani kwa katibu, na nakala moja kwa mshika fedha.